Fito Mbili za Bi Mwanamvua

Mwaka jana nilikaa siku nne katika nyumba moja ya wageni pale Korogwe, nikisubiri mzigo wangu wa vitenge ulioachwa nyuma na lori. Siku ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nimejilaza nikiitazama dari, nikasikia nyuma ya ukuta mtu anachapa sufi, ile pamba ya magodoro. Sauti ile haina mwangwi. Ni kavu na laini kwa pamoja, kama mtu anayekung'uta vumbi kwenye nguo iliyokaa sandukuni miaka mingi. Aliyekuwa akichapa alikuwa na mkono mzito, wa taratibu, na kila baada ya muda alinyamaza akakohoa. Kabla sijainuka kitandani pua yangu ilikwisha jaa harufu ya maganda makavu na lile vumbi tamu linalokwaruza koo, nami nilikuwa mtoto wa miaka kumi tena, nimefungwa kipande cha kanga puani, Temeke.

Mimi ni mtu wa njiani. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi, na nadhani aliniachia miguu yake. Nimelala vitanda vya miji mingi, lakini godoro la sufi silipendi. Nikipata mkeka nitalala mkekani. Watu huniuliza kama linanibana kifua. Huwajibu ndiyo, kwa kuwa ni jibu fupi. Jibu refu ndilo hili.

Temeke ya siku za Mwingereza haikuwa hii mnayoijua. Nyumba zilikuwa za udongo na makuti, zimesimama mbali mbali kama watu waliogombana, na katikati yake mihogo. Nyumba yetu ilipakana na ya Bi Mwanamvua, na uani kwake ndiko kulikokuwa na kazi ya sufi. Nyuma ya ua ule kulikuwa na mihogo, kisha bonde dogo lenye maji siku za masika, na ng'ambo ya bonde shamba la minazi la Mwarabu mmoja aliyekwisha kufa, ambalo warithi wake waliligombania hadi majani yakafika kiunoni. Sisi watoto tulikatazwa kwenda kule. Walisema kuna nyoka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sufi iliyokaushwa juani ilitandazwa juu ya mkeka, ikafunikwa chandarua kikuukuu ili isipeperuke, halafu ikachapwa kwa fito nyembamba za mpera mpaka mbegu zikajitenga zikaanguka chini. Wanawake waliobaki walikaa kando wakiichambua kwa vidole, wakitoa mbegu zilizosalia. Jioni sote tulikuwa na mvi. Bi Sikujua, jirani aliyekuwa na mdomo kama wembe, alizoea kutukung'uta mgongoni akisema, "Haya bibi vizee, nendeni nyumbani mkawe wasichana tena."

Aliyechapa alikuwa Bi Mwanamvua mwenyewe, wala hakumwachia mtu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo. Mkono wake wa kushoto ulivunjika zamani aliposhuka kisimani akateleza, ukaungwa vibaya, ukawa umepinda kidogo kwenye kifundo. Kwa hiyo fito zake zilichechemea. Mkono wa kulia ulipiga mara mbili kwa nguvu, wa kushoto ukafuata mara moja, pole, kana kwamba unaomba radhi. Pa-pa, pa. Pa-pa, pa. Kisha ghafla kimya: Bibi anahamisha tambuu kutoka shavu hili kwenda lile. "Treni imesimama stesheni," Bi Sikujua alisema kila mara, nasi tukacheka kila mara. Halafu treni ikaondoka tena.

Kazi ile ingetuua kwa uchovu kama si mama yangu. Mama Tatu, kama alivyoitwa kwa jina langu, alikuwa na siku yake katika wiki. Jumba moja la sinema mjini lilikuwa na onyesho la wanawake peke yao, mchana, na mama alijitupia buibui lake akaenda kwa miguu mpaka huko. Picha zilikuwa za Kihindi. Kihindi cha mama kilikuwa cha dukani, bei na vipimo tu, lakini hilo halikumzuia. Alitazama nyuso, akasikiliza muziki, akarudi Temeke na hadithi nzima, na kesho yake akaanza kutusimulia kipande kipande, kila siku akikata mahali ambapo mtu yuko karibu kufa.

Sasa niwaambie habari za Shomari, maana bila yeye haya mengine hayana maana.

Shomari alikuwa mtoto pekee wa Bi Mwanamvua. Alikuwa kuli bandarini, kijana wa mabega, mcheshi. Alikuwa akinibeba shingoni tulipokwenda kununua maandazi. Sitaki kumpamba. Siku moja yeye na wenzake wawili waliingia katika bohari moja kuiba marobota ya nguo, mlinzi akawakuta, na Shomari akampiga na chuma. Mlinzi aliishi siku tatu, akafa. Alikuwa mtu wa kusini, ana mke na watoto wanne huko Yombo. Wenzake Shomari walishikwa palepale, wakamtaja. Yeye akatoweka.

Bi Mwanamvua hakusema neno hata moja la kumtetea mwanawe. Alishona godoro moja zuri, la kitambaa cha mistari, akatafuta mtu wa mkokoteni akalipeleka Yombo kwa yule mjane. Mjane hakutoka nje. Godoro liliachwa mlangoni pake, likanyeshewa, likaanikwa na jua, likanyeshewa tena. Mwenye mkokoteni ndiye aliyetuletea habari hiyo. Bi Mwanamvua aliisikiliza hadi mwisho, akashika fito zake.

Watu wote walisema Shomari yuko Kisarawe kwa wachoma mkaa. Ilikuwa na maana: pori ni kubwa, na wauza mkaa walipita barabara yetu kila siku na baiskeli zao, kwa hiyo habari za nyumbani zingemfikia upesi. Bi Mwanamvua alipoulizwa aliitika kwa kichwa. Ndiyo, labda Kisarawe.

Serikali nayo ikatuletea mgeni. Alikuwa askari kanzu, yaani yule asiyevaa sare, na kwa kweli alivaa kanzu, iliyopigwa pasi mpaka ikawa kama ubao, na chini yake viatu vyeusi vinavyong'aa ambavyo hakuna mtu wa Temeke aliyekuwa navyo. Alikuja kwanza kuagiza godoro. Bi Mwanamvua akamuuliza urefu wa kitanda chake. Hakujua. Akaulizwa ni cha kamba au cha mbao. Akafikiri. Tangu siku hiyo jina lake likawa Bwana Godoro. Alihamia kwenye benchi la fundi baiskeli mbele ya nyumba, na baiskeli yake ikawa na pancha kila siku.

"Shikamoo, Bwana Godoro," tulimwamkia watoto.

"Marahaba. Nani huyo Godoro?"

Tukakimbia. Hakuwa mtu mbaya wa kutazama. Alikuwa na subira ya mtu aliyelipwa kungoja.

Basi, ndani ya siku hizo mama akarudi na hadithi ya mwizi mmoja ambaye sisi tulimpa jina la Masharubu. Aliiba mikufu ya tajiri, akamsukuma mzee wa watu kutoka ghorofani, na mji mzima ukawa unamtafuta.

"Akapanda treni," mama alisimulia, vidole vyake vikichambua. "Treni hiyooo! Masharubu kakaa dirishani anacheka. Polisi wamebaki stesheni wanajiuma vidole. Hapo jamani picha ikakatika. Tukapiga kelele, fundi akaunganisha. Kuja kutazama, Masharubu huyu hapa! Yuko mjini, mchana kweupe, siku ya harusi, anapita katikati ya askari na kilemba chake."

"Kafuata nini?" Bi Sikujua akauliza.

"Kafuata mkufu mmoja alioufukia."

"Shoga, jana ulisema kafuata mwanamke."

"Mwanamke na mkufu."

Mie nikatupa chini sufi niliyoshika. Nilikuwa mtoto wa kupenda mambo yanyooke. "Mama, si kweli," nikasema. "Ana mali, yuko kwenye treni, huko aendako hakuna anayemjua. Arudi kufuata mkufu? Anajua akionekana ananyongwa! Hata mie nisingerudi. Wamemrudisha kwa nguvu tu, ili ashikwe, picha iishe, watu waende majumbani."

"Haya, wakili kasimama!" Bi Sikujua akapiga makofi. "Masharubu angekuwa na akili zako, Tatu, tungelipa kiingilio tukatazama treni tupu."

"Lakini ni kweli. Mtu mbaya si lazima awe mjinga."

"Wengine ni wabaya na wajinga, mwanangu. Mume wangu wa kwanza..."

Kicheko kikakatika katikati. Nilihisi kidole cha Bi Sikujua kinanifinya paja, na ndipo nilipoelewa tulikuwa tukizungumza nini, uani kwa nani. Fito zilikuwa zimenyamaza. Lakini Bi Mwanamvua alikuwa anahamisha tambuu tu. Alipomaliza alisema kwa ile sauti yake ndogo:

"Mnauliza kwa nini karudi. Nani kawaambia aliondoka?"

"Bibi, nimemwona kwa macho yangu kapanda treni," mama akasema.

"Umemwona akipanda. Umemwona akishuka huko alikokwenda?"

"Hapo picha ilikatika."

"Basi. Behewa lina milango miwili." Akaanza tena. Pa-pa, pa.

Wenzangu walidhani mzee amechanganya mambo, kwani hakuwahi kuona sinema hata siku moja. Mimi niliona amejibu kijinga, nikamsamehe kwa sababu ya umri wake. Niliendelea kumsumbua mama juu ya Masharubu wiki nzima. Kila nilipouliza alinipa sababu mpya, na hakuna hata moja iliyonitosheleza.

Masika yalipokwisha Bi Mwanamvua akaanza kukohoa. Vumbi la sufi lilikuwa limekaa kifuani mwake miaka thelathini, na sasa likataka nyumba yote. Akakonda. Mama na Bi Sikujua wakamsihi aache kuchapa, alale ndani. Hakukubali. Alitoka akiwa na homa, amejifunga blanketi, akakaa kwenye mkeka wake upande ule wa ua unaotazama bonde. Upande ule alasiri ulikuwa na jua kali, na kivuli kilikuwa upande wa pili, lakini alipohamishiwa kivulini alirudi mwenyewe, akijikokota. Alichapa kidogo, akapumzika, akachapa kidogo. Siku nyingine sufi yenyewe haikuwepo. Alichapa mkeka mtupu.

"Bibi, unachapa nini?" nilimuuliza.

"Nanyoosha mikono."

Siku chache kabla ya mwisho, alipomaliza kuchapa, aliniita chumbani. Kulikuwa na giza na harufu ya mafuta ya mkaratusi. Alikuwa amelala juu ya kitanda cha kamba, amekuwa mwepesi hata kamba hazikulegea.

"Tatu, unajua kuchapa?"

"Najua, Bibi." Kwa siri nilikuwa nikijifunza kila alipokwenda kuswali.

"Nionyeshe."

Nikachapa ukingo wa kitanda kwa fito zake mwenyewe. Alisikiliza amefumba macho.

"Pole pole," akasema. "Mkono wa kushoto uuonee huruma."

Nilimwambia mkono wangu wa kushoto hauna maumivu. Akatabasamu, akanishika kichwa. "Hata hivyo," akasema. "Uuonee huruma."

Kisha akamwambia mama, nami nikiwa nimesimama hapohapo: "Nikifa msinililie mpaka nimekwisha kuzikwa. Mtu asisikie kilio. Na fito zisinyamaze. Mtoto huyu atachapa."

Mama na Bi Sikujua hawakuhitaji kuelezwa, au walidhani hivyo. Kwetu mwanamke hushushwa kaburini na wanaume wake wa damu. Baba, kaka, mwana. Bi Mwanamvua alikuwa amebakiwa na mmoja tu. Kilio kikipanda, muuza mkaa wa kwanza atakayepita angeipeleka habari Kisarawe, na Shomari angekuja kumshusha mama yake mbele ya macho ya Bwana Godoro, na shingo yake ingekwenda kitanzini. Lakini mtu akishazikwa, amezikwa. Hakuna tena cha kufuata. Kwa hiyo ilibidi mchana mmoja tu upite kana kwamba ni mchana wa siku zote. Wanawake wale wawili waliapa kuupitisha.

Alifariki asubuhi, jua likiwa limepanda kiasi. Bi Sikujua alitoka chumbani, akamtazama mama, akajifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Nilimwona akitetemeka mabega, bila sauti. Mwanamke yule aliyesikika mtaa mzima hata akiomba chumvi, siku hiyo alilia kimya.

Udi haukufukizwa, kwani harufu yake ingetangaza. Maji ya kuosha yaliingizwa ndoo moja moja, kama maji ya kupikia. Mwosha maiti alikuja na ungo wa sufi kichwani. Mwalimu wa msikiti alipelekewa habari kwa kunong'onezwa, akakubali kuja na watu wachache baada ya sala ya alasiri, na wazee wawili wa jirani wangemshusha kwa kuwa hana mtu. Mama aliketi uani kichwa wazi, sauti juu, akichambua sufi, Bi Sikujua kando yake. Nami nikakabidhiwa fito.

Sijawahi kupewa jambo kubwa kama lile. Mbele, kwenye benchi la fundi baiskeli, Bwana Godoro alikuwa ametega masikio. Ndani, nyuma ya pazia, maji yalikuwa yakitiririka polepole. Baina ya hao wawili nilikuwepo mimi na fito mbili za mpera. Nikachapa.

Nilichapa kwa nguvu zangu zote na adabu yangu yote. Sikutaka mtu aseme mtoto amelegea. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, sawasawa, mikono yote miwili na uzito mmoja, bila kusimama. Sufi iliumuka chini ya chandarua kama maziwa yanayochemka. Nilikumbuka maneno ya Bibi juu ya mkono wa kushoto, nikajiambia, aliogopa nitachoka. Nitamwonyesha kuwa sichoki. Kila nilipohisi machozi yanakuja niliongeza kasi.

"Simulia, Mama," nikasema, kama tulivyopanga.

Mama akaanza kumsimulia Masharubu tangu mwanzo, kwa sauti ya juu ili isikike barabarani. Kanga aliyojifunga puani ilikuwa imelowa hadi kidevuni. Anayepita angedhani ni vumbi. Sufi humliza mtu yeyote. Alifika kwenye treni, akafika picha ilipokatika, akamrudisha Masharubu mjini na kilemba chake, akanyamaza.

"Kwa nini karudi?" nikauliza. Safari hii nilikuwa nikisaidia tu hadithi iendelee.

"Sijui, Tatu," mama akasema. "Chapa."

Bwana Godoro hakusogea. Saa zikaenda. Tulikuwa tumebakisha muda mfupi tu kabla ya adhana ya alasiri nilipoona majani ya mihogo yanatikisika upande wa bonde.

Shomari alitokea pale wazi, bila haraka, kama mtu anayerudi kazini. Alikuwa na ndevu, peku, shati limechanika begani. Nyuzi za sufi zilikuwa zimenasa nyweleni mwake. Mama akainuka, kanga ikamdondoka usoni.

"Shomari! Rudi! Rudi, baba, yuko hapo nje!"

Hakumtazama. Alinitazama mimi na mikono yangu.

"Nani alikuwa anachapa?"

"Mimi," nikasema. "Shikamoo."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

Akaja akanishika kichwa palepale mama yake aliponishika.

"Umechapa vizuri, Tatu," akasema. "Yeye alikuwa hachapi vizuri hivyo."

Akaingia ndani.

Yaliyofuata niliyaona kidogo na kuyasikia zaidi. Mwalimu alipofika alimwambia, "Unajua aliyeko pale nje?" Shomari akasema anajua. Mwalimu akamwambia bado kuna njia ya mihogo. Shomari akasema, "Baada ya kumshusha, Mwalimu." Walimpa kanzu ya mzee mmoja, fupi, ikamwishia kwenye mashavu ya miguu. Alishika jeneza mbele, upande wa kulia, wakatoka nalo kwa mlango wa mbele mchana kweupe, wakampitia Bwana Godoro aliyekuwa ameshika kikombe cha kahawa. Nilichungulia. Aliweka kikombe chini taratibu sana. Akasimama, akavua vile viatu vyake vyeusi, akaviacha chini ya benchi, akafuata.

Wanawake hawaendi makaburini. Fundi baiskeli ndiye aliyetueleza. Alisema Bwana Godoro aliingiza bega lake chini ya jeneza kama watu wengine. Shomari alishuka kaburini, akampokea mama yake, akamlaza, akapanda. Kaburi likafukiwa, mwalimu akasoma, watu wakanyanyua mikono. Kisha Shomari akajifuta vumbi, akaenda mwenyewe mpaka mbele ya yule askari. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyepaza sauti. Sisi huku nyumbani tulikuwa tumekwisha ruhusiwa kulia, na Bi Sikujua alilia kwa ajili ya mchana mzima alioumeza, mpaka sauti ikamkauka.

Shomari alinyongwa mwaka uliofuata. Mjane wa Yombo alisemekana kuhamia kwao kusini na watoto wake. Godoro la mistari sijui liliishia wapi.

Siku chache baada ya maziko polisi waligundua alikokuwa. Hakuwahi kukaa Kisarawe hata usiku mmoja. Alikuwa ng'ambo ya bonde, katika banda bovu la kukaushia mbata ndani ya lile shamba la Mwarabu, umbali wa mtu kuita na kuitikiwa. Walikuta sufuria, mtungi, na mto mmoja wa kulalia umejazwa sufi na kushonwa kwa mkono, mishono mikubwa ya mtu ambaye mkono wake mmoja haushiki vizuri. Mtaa mzima ulishangaa. Mjinga gani huyu, walisema, ameua mtu, ana nchi nzima ya kukimbilia, anajificha mlangoni kwao. Na mimi, wakili wa Masharubu, nilisema hivyohivyo.

Jambo ambalo hakuna aliyelieleza ni jinsi alivyojua. Kilio hakikutoka, udi haukuwaka, mtu hakutumwa. Nilimuuliza mama, akasema hajui. Nilimuuliza Bi Sikujua, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu, naye akasema hajui, akaniambia niende nikacheze. Jioni ile ile ya maziko mama alizichukua zile fito mbili kutoka mkononi mwangu, akazivunja, akazitia motoni. Niliumia. Nilidhani ningepewa ziwe zangu. Miaka ilipita, nikaenda shule ya bweni, nikarudi, nikamuuliza kwa nini alizichoma. "Zilikuwa zimeliwa na wadudu," akasema. Hazikuwa zimeliwa na wadudu. Mama amekufa na jibu hilo hilo.

Nami kwa miaka yote hiyo nilijivuna. Shuleni niliwasimulia wasichana wenzangu kwamba mtu aliyenyongwa alinishika kichwa akanisifu kazi yangu. Niliyakariri maneno yake kama mtu anavyokariri cheti.

Basi pale Korogwe, siku ya nne, nilikuwa nimeketi ukumbini na mwenye nyumba, tunakunywa chai. Nyuma ya ukuta sufi ikaanza kuchapwa. Nikasema, bila kufikiri, bila hata kuinua macho kwenye kikombe, "Leo anachapa mtu mwingine."

"Ni mwanawe," mwenye nyumba akasema. "Mzee kifua kimembana tangu jana. Umejuaje, nawe humwoni?"

"Huyu anachapa vizuri," nikamwambia. "Yule alikuwa hachapi vizuri hivyo."

Nikasikia maneno yanatoka kinywani mwangu, nikaijua sauti ya Shomari.

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani mpaka giza likaingia. Miezi yote ile Bibi alikaa juani akichapa sufi, na sufi ilipokwisha akachapa mkeka, na ng'ambo ya bonde mtu mzima aliyeua mtu alilala juu ya mto wa sufi akisikiliza: mbili za nguvu, moja ya huruma, kimya cha tambuu. Nipo. Nipo bado. Ndiyo sababu hakwenda Kisarawe wala kokote. Mama yangu na Bi Sikujua walidhani fito zinamdanganya askari. Bibi alijua zinapaswa kumdanganya nani, na alinifundisha namna ya kufanya hivyo, kwa maneno machache, juu ya ukingo wa kitanda. Nami nilikuwa na mikono miwili mizima, na nilitaka kusifiwa.

Wale wanawake wawili walielewa palepale uani, Shomari aliposema yale maneno. Nina hakika. Walinitazama mtoto wa miaka kumi, amesimama na fito, anatabasamu kwa kusifiwa, wakaamua kwamba hawajui.

Sijui bado kwa nini Masharubu alirudi mjini. Labda picha ilikatika mahali pale ambapo sababu ilikuwa. Mzigo wangu wa vitenge ulifika asubuhi ya siku ya tano, nikapanda gari la kwanza, na kijana wa watu alikuwa amekwisha anza kazi nyuma ya ukuta, kulia, kushoto, kulia, kushoto, sawasawa.